Majira ya Baridi katika Jangwa la Arizona

Wasomaji wetu wengi wasikiapo neno jangwa, mawazo yao huenda moja kwa moja Bara Arabu au Sahara, penye mchanga mtupu, misafara ya ngamia na jua la kuchoma utosi. Lakini dunia ya Mwenyezi Mungu ina majangwa mengi, na kila moja lina tabia yake. Hili nitakalolieleza liko upande wa magharibi wa Marekani, katika jimbo la Arizona, nalo ni sehemu ya jangwa kubwa la Sonora linalovuka mpaka na kuingia Meksiko. Wakati wa kiangazi joto lake hupita nyuzi 45, na mwenye akili hukaa ndani. Lakini tangu Novemba mpaka Machi mchana wake huwa wa kupendeza kama asubuhi ya Lushoto, na usiku baridi hushuka mpaka karibu na nyuzi 4. Ndipo watu kwa maelfu huhamia huko, kila mmoja akiikokota nyumba yake nyuma ya gari.

Nyumba hizo huitwa trela. Trela ni chumba kirefu cha bati jepesi kilichowekwa juu ya magurudumu, na ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, jokofu, choo, na matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyokwisha kutumika, na la choo. Juu ya paa hufungwa vioo vya kukusanya umeme wa jua. Mtu aliyezoea nyumba ya mawe huenda akaidharau siku ya kwanza. Siku ya pili hushangaa kuona jinsi vilivyo vichache vitu ambavyo kwa kweli anavihitaji.

Tulikuwa jamaa nne, wote wakazi wa mji wa Phoenix: wawili asili yao Mombasa, mmoja ni mwalimu mstaafu wa Kilamu ambaye kila mtu humwita Maalim, na mmoja mzaliwa wa Unguja aliyekulia Maskati. Watu wazima tulikuwa wanane na watoto kumi na mmoja. Trela mbili tuliazima kwa marafiki na mbili tulikodi. Kila jamaa ikawa na yake, na wavulana wakubwa wakachagua kulala hemani. Nyama tuliichukua Phoenix kwa mchinjaji Mwislamu, tukaigandisha kwa barafu, kwani katika vijiji vya jangwani hatukutaraji kupata ya halali. Tuliondoka Jumamosi tarehe 18 Januari 2025, nayo ilikuwa ni siku ya 18 ya mwezi wa Rajabu mwaka 1446, baada ya kusali Alfajiri na kusoma dua ya safari.

Njia kuu ya kuelekea magharibi ni maili 125 mpaka tulipokusudia. Mgeni hupokewa na mipungate mirefu iitwayo saguaro, isimamayo vilimani kama watu walioinua mikono kuomba. Mti huu hauna haraka. Katika miaka yake minane ya mwanzo haupiti urefu wa kidole, na mkono wake wa kwanza huutoa ukiwa na umri wa miaka hamsini, au sabini, au zaidi. Mingi katika ile yenye mikono tuliyoipita ilikuwapo kabla Arizona haijafanywa jimbo mwaka 1912. Watoto walishindana kuihesabu mikono hiyo hata wakachoka, na sisi tukapata nafasi ya kuzungumza.

Mji wenyewe huitwa Quartzsite. Wenyeji wake hawafiki 2,500, na mpita njia wa mwezi wa Julai angeweza kudhani umehamwa. Mwezi wa Januari hugeuka ukawa kama Minaa wakati wa Hija, ila hapana ibada: trela nyeupe zimeenea bondeni hata macho hayafiki mwisho wake, na katikati kuna masoko ya vito na mawe ya kila rangi, vyombo vya kale, visu, vipuri vya trela na kofia. Ardhi inayouzunguka mji ni ya serikali kuu ya Marekani. Upande wa kusini pana mahali paitwapo La Posa, palipotengwa tangu mwaka 1983 kwa ajili ya wenye kutaka kukaa majira yote ya baridi, kuanzia tarehe 15 Septemba mpaka 15 Aprili, kwa ada. Palipo mbali kidogo mtu huruhusiwa kupiga kambi bure muda wa siku 14, kisha hana budi kuhama. Sisi tulichagua huko kwa bure, chini ya miti ya miiba, hatua kama mia tatu kutoka kwa jirani wa karibu.

Kuliweka trela mahali pake ni kazi yenye elimu yake. Lazima lisawazishwe kwa vipande vya mbao chini ya magurudumu, kwani likiinama hata kidogo maji hayashuki na milango haifungi. Jirani yetu, mkulima wa ngano kutoka Saskatchewan nchini Kanada, mwenye umri wa miaka 79, alitutazama kwa dakika kadhaa, akaondoka bila neno, akarudi na vipande sita vya mbao na kipimo cha fundi seremala. Akapiga magoti mchangani pamoja na vijana mpaka matrela yote manne yakasimama sawa. Jioni kina mama wakampelekea yeye na mkewe sinia ya pilau. Kuanzia hapo ikawa ni ujirani. Walikuwa na mbwa mkubwa mpole, naye siku ya pili alikuja kunusa mikeka yetu. Maalim aliinua mikeka juu ya meza, akamweleza mzee kwa upole kwamba sisi husalia juu yake, na mwenye kutaka kusafisha palipoguswa na pua ya mbwa itampasa kuosha mara saba, na tangi letu ni dogo. Mzee alicheka mpaka akatoa machozi, na mbwa akafungwa kamba.

Nimetaja tangi, na hapa sina budi kukaa kidogo. Tangi la trela letu lilibeba maji kama lita 140 kwa watu watano, na mahali pa kulijaza tena ni mjini. Nyumbani mtu hufungua mfereji akatawadha huku maji yakimwagika kama mvua ya masika, wala haoni haya. Maalim aliwakusanya watoto, akachukua kikombe cha bati chenye kuingia kama theluthi mbili ya lita, akawaambia hicho ndicho karibu na kipimo cha mudi, ambacho imesihi katika Hadithi kwamba Mtume, sala na amani zimshukie, alikuwa akitawadhia. Watoto hawakusadiki. Akatawadha mbele yao, viungo vyote, mara tatu tatu, na kikombeni yakabaki maji ya kumwagia mche. Tangu saa hiyo likawa shindano. Binti yangu wa miaka tisa alilishinda siku ya tatu, na ndugu zake wanadai mpaka leo kwamba hakufikisha maji kwenye visigino. Vijana walitamani sana kutayamamu, kwa kuwa wameisoma chuoni na hawajapata kuitenda. Wakaambiwa kwamba mwenye maji tangini hana udhuru.

Kibla nacho kilikuwa na maajabu yake. Mtu hudhani kwamba akiwa Marekani, na Makka iko mashariki, ataelekea mashariki. Lakini dunia ni duara, na njia fupi kutoka Arizona hadi Makka hupita juu, karibu na ncha ya dunia. Kwa hivyo uso huelekea kaskazini, ukipinda kidogo mashariki. Sisi watu wa pwani kaskazini ndiyo kibula chetu tangu utotoni, kwani Makka iko karibu sawasawa juu ya Mombasa na Dar es Salaam. Basi tukajikuta, upande wa pili wa dunia, tumesimama karibu vile vile tulivyosimama msikitini kwetu. Na usiku Nyota ya Kaskazini, ile ambayo wanamaji wa Kiarabu waliiita Jaa na ambayo kwetu, kusini ya ikweta, haipandi juu ya upeo wa macho, hapo huning'inia wazi juu ya vilima. Mwezi ulikuwa ukichelewa kutoka, na mbingu ilikuwa nyeusi kabisa. Zuhura ilikuwa magharibi, inang'aa kama taa ya jahazi, Mshtarii juu ya vichwa, na Mirihi, nyekundu, ikipanda mashariki. Nimeishi mjini miaka mingi, na nilikuwa nimesahau kwamba nyota ni nyingi kiasi hiki.

Usiku huo mazungumzo yalielekea kwenye sala ya safari. Sisi wa madhehebu ya Imam Shafi tulikuwa tumenuia siku tatu kamili mahali pale, na kwa hivyo ruhusa ya kupunguza sala haikutuondokea, kwa kuwa mwenye kunuia siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hukamilisha. Bwana wetu wa Kiunguja, ambaye ni Ibadhi, akasema kwamba kwao msafiri hupunguza hata akikaa majira yote, madamu hajapafanya mahali pale kuwa makazi yake. Kijana mmoja akauliza: je, mtu kama hawa jirani zetu wengine, waliouza nyumba zao na kuishi ndani ya trela mwaka mzima, angekuwa Mwislamu angekuwa msafiri au mkazi? Maalim alifurahi kama aliyepewa zawadi. Akasema kwamba wanazuoni walikwisha kuuliza swali hilo zamani, ila wao waliuliza juu ya nahodha anayeishi chomboni pamoja na mkewe na watoto wake. Imam Ahmad akasema huyo hapunguzi, kwa sababu nyumba yake anayo, na wafuasi wa Imam Shafi wakasema kukamilisha ni bora kwake. Vijana, ambao kwa kawaida huikimbia fikihi kama paka aonaye maji, walikaa mpaka moto ukawa majivu.

Siku ya Jumanne tulikwenda makaburini. Hili ndilo lililomfanya Maalim achague Quartzsite badala ya sehemu nyingine za jangwa zenye sifa zaidi, ijapokuwa hakutuambia mapema.

Upande wa magharibi wa mji kuna makaburi ya zamani, na katikati yake limesimama jengo dogo la mawe mfano wa haramu za Misri, na juu ya ncha yake pana ngamia wa shaba. Wageni hupiga picha hapo kila siku. Bamba lake linalitaja jina la aliyezikwa kuwa ni Hi Jolly. Kwa masikio ya Kiingereza jina hilo ni kama maamkizi ya mtu mchangamfu, na wengi wanaopita hudhani alikuwa mchekeshaji. Jina lenyewe ni Haji Ali. Askari wa Kimarekani hawakuweza kulitamka, wakalipinda mpaka likakaa midomoni mwao, na hivyo ndivyo lilivyochongwa.

Habari yake ni hii. Baada ya vita na Meksiko vya mwaka 1846 hadi 1848, Marekani ilijikuta ina nchi kubwa kame isiyo na njia wala maji, na farasi na nyumbu wa jeshi walikufa njiani. Jefferson Davis, aliyekuwa waziri wa vita, alipendekeza ngamia. Mwaka 1855 bunge liliidhinisha dola 30,000, na meli iitwayo Supply ikatumwa Bahari ya Kati, ikanunua ngamia Tunisi, Misri na Smirna. Tarehe 14 Mei 1856 ngamia 34 walishushwa pwani ya Texas katika bandari ya Indianola. Mwaka uliofuata wakaja wengine 41. Pamoja nao waliajiriwa wachungaji, baadhi Waarabu, baadhi Waturuki na Wagiriki, kwani hapakuwa na Mmarekani aliyejua hata kumpigisha ngamia magoti. Haji Ali alikuwa mmoja wao. Alizaliwa yapata mwaka 1828 katika nchi za dola ya Uthmaniya, na jina lake la kwanza lasimuliwa kuwa Philip Tedro, mwenye asili ya Kigiriki na Kishami. Kisha akasilimu, akahiji, akajiita kwa jina la Hija yake.

Mwaka 1857 Edward Beale alipewa kazi ya kupima njia ya magari ya farasi kutoka Fort Defiance mpaka mto Colorado, na akapewa ngamia 25. Mwanzoni aliwadharau. Baadaye akawasifu kwa barua nyingi: walibeba mizigo ambayo nyumbu hawakuiweza, walikula miiba ambayo mnyama mwingine haigusi, na walipata kiu bila ya kulalamika. Walipofika mto Colorado mwezi wa Oktoba watu walihofu kwamba ngamia hawajui kuogelea. Wote wakavuka salama. Waliozama ni farasi wawili na nyumbu kumi. Njia hiyo ndiyo, katika sehemu yake kubwa, iliyokuja kuwa barabara mashuhuri ya magari iitwayo Route 66. Msomaji aifunguaye Kurani katika Sura ya Al-Ghashiya, aya ya 17, anaijua amri ya kumtazama ngamia jinsi alivyoumbwa; maofisa hao hawakuisoma, lakini jangwa liliwalazimisha kuifuata.

Yote hayo hayakudumu. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka, Davis akawa kiongozi wa waasi, na jambo lililokuwa lake halikupendwa tena. Nyumbu pia walishtuka kwa harufu ya ngamia wakavunja minyororo, na waendeshaji wao wakawachukia wageni hao. Ngamia wakapigwa mnada California mwaka 1864 na Texas mwaka 1866. Haji Ali alijaribu kuwatumia wachache kuchukua mizigo baina ya mto Colorado na machimbo ya madini; biashara ikaanguka, akawaachilia jangwani, na mpaka mwanzo wa karne ya ishirini watu walikuwa wakisimulia kwamba wameona ngamia wa mwitu Arizona. Yeye mwenyewe akawa mpakiaji mizigo na mpelelezi wa njia wa jeshi. Mwaka 1880 akapata uraia, akaoa mjini Tucson kwa jina lake la zamani la Tedro, akazaa mabinti wawili. Baadaye akaenda kutafuta madini peke yake, na tarehe 16 Desemba 1902 akafa hapo Quartzsite. Kaburi hilo la mawe lilijengwa mwaka 1935 na idara ya barabara ya jimbo. Bamba lasema aliingia nchini tarehe 10 Februari 1856, ambapo siku hiyo meli ya kwanza ya ngamia ilikuwa ingali Smirna. Lakini mwenye kupindiwa jina atashangaa nini kwa kupindiwa tarehe?

Tulisimama mbele yake sote. Haramu ile haikutupendeza, kwani sisi hatukuamrishwa kuyajenga makaburi, seuze kuweka sanamu juu. Mmoja wetu akauliza kwa sauti ya chini kama inafaa kumwombea dua. Mtu huyu aliolewa na kuandikwa kwa jina lake la kabla ya Uislamu. Nani ajuaye alikufa juu ya nini? Neno hili lilikuwa zito, na kwa muda hapana aliyejibu. Maalim akasema hivi: watu walioishi naye miaka 46 walimwita kwa jina la Haji mpaka siku aliyokufa, hata walioshindwa kulitamka, na hukumu yetu sisi ni kwa lililo dhahiri, la moyoni tunamwachia aliyeuumba moyo. Kisha akainua mikono. Tukaitikia amina. Baadhi yetu, nakiri, sauti ilitukwama. Kwa kuwa kila aliyesimama pale amepata kujiuliza usiku mmoja au mwingine atazikwa wapi, na nani atakayejua kuliandika jina lake.

Mzee wa Saskatchewan na mkewe walikuwa wamefuatana nasi. Walivua kofia walipoona mikono imeinuliwa. Tulipomaliza, mzee aliuliza jina la kweli la marehemu ni lipi. Nilitaka kumjibu, lakini mtoto wa Bwana wa Kiunguja alitangulia. Kijana huyu ana miaka 15, na jina lake ni lile lile la aliyelala pale. Shuleni wenzake wamelikata herufi ya mwisho, naye mwenyewe ameridhika nalo hivyo, na baba yake amekwisha kugombana naye mpaka mama akakataza jambo hilo lisitajwe wakati wa kula. Alimtamkia mzee jina la marehemu polepole. Mzee akakosea, akamrudisha. Akakosea tena, akamrudisha. Mara ya tatu akalipata, na mkewe pia. Kisha mzee, kwa adabu tu, akamwuliza: na wewe, mwanangu, jina lako hasa ni nani? Kwani kwa siku nne alikuwa amemsikia akiitwa kwa namna mbili. Kijana akatazama chini, kisha akalitaja lote, pamoja na la baba yake na la babu yake. Baba alikuwa amesimama karibu nami. Alijifanya anasafisha miwani yake.

Kesho yake tulifunga kambi. Mzee alikataa kurudishiwa mbao zake.

Tulielekea kusini katika njia ya Yuma, na baada ya maili 18 tukapinda kushoto katika njia ya changarawe iendayo kwenye milima ya Kofa. Watoto walicheka wakidhani ni kofia. Asili yake ni kifupi cha jina la mgodi wa dhahabu wa zamani. Milima hiyo imechongoka kama meno ya msumeno, na jioni hugeuka rangi ya kahawia, kisha ya zambarau. Ni hifadhi ya kondoo wa mwitu wenye pembe kubwa zilizojipinda. Wavulana wetu walipenda kujua kwamba mwaka 1936 ni vijana wa Skauti wa Arizona walioanzisha mwito wa kuwaokoa kondoo hao, wakati walipokuwa wakikaribia kumalizika, na mwezi wa Januari 1939 serikali ikaitenga nchi hiyo. Tuliwaona watatu kwa darubini, wamesimama mahali ambapo hata mbuzi wa Lamu angefikiri mara mbili.

Ndani ya mlima mmoja kuna ufa mwembamba, na katika ufa huo imeota mitende ya mwitu. Haina tende za kuliwa na watu isipokuwa tunda dogo lenye kokwa kubwa, lakini kuiona pale ni ajabu: majabali makavu pande zote, na juu, mahali ambapo jua hupafikia karibu na adhuhuri tu, makuti ya kijani kibichi. Tulipanda kwa mguu kama nusu maili, tukakaa juu ya mawe mpaka mwanga ukaingia ufani, ukadumu kidogo, ukatoka. Usiku koyote, mbwa mwitu wa huko, walilia mpaka wavulana wakahama hemani, wakaingia trelani, na asubuhi kila mmoja akasema ni mwenzake aliyeogopa.

Siku ya Ijumaa tulifika Yuma, penye mto Colorado, na ng'ambo yake bonde la Bard lenye mashamba ya mitende ya kweli, mistari minyoofu kwa mamia. Tende zake ni za aina ya Majhuli, kubwa na laini. Asili yake ni Moroko. Mwaka 1927 mtaalamu wa serikali aitwaye Walter Swingle alichukua machipukizi 11 katika chemchemi ya Bou Denib, wakati ugonjwa ulipokuwa ukiiangamiza mitende ya huko, akayaleta Marekani. Yakatengwa Nevada kwa miaka kadhaa ili ijulikane kama ni mazima, na katika hayo 9 yakaishi. Vizazi vyake vikapandwa California, na mwaka 1944 vikafika Bard. Tende za Majhuli tuzionazo madukani huku katika miezi ya Ramadhani asili yake ni hayo tisa.

Bwana wa Kiunguja hakukubali kwamba habari ya tende Marekani imeanzia hapo. Alisimama katikati ya duka la shamba akatukumbusha merikebu Sultana ya Sayyid Said bin Sultan, iliyofika New York tarehe 30 Aprili 1840 chini ya Ahmad bin Naaman, ikiwa imebeba pembe, karafuu na buni kutoka Unguja na Maskati, na magunia 1,300 ya tende. Hiyo, akasema, ni miaka 16 kabla ya ngamia wa kwanza. Mwenye duka, ambaye hakuwa amepata kuisikia Unguja, alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongeza ratili mbili bila ya bei.

Tulinunua makasha manne kwa ajili ya futari, kwani Ramadhani ilikuwa imebakiwa na wiki tano tu. Kutoka Yuma mpaka Phoenix ni maili 185. Tulikusanya Adhuhuri na Alasiri kando ya njia, tukashika safari, na tulipofika nyumbani makasha yalikuwa matatu.